Uso kwa Ndani

Kitendawili! Haya, tegeni masikio vizuri, maana hiki hamjakisikia kwa mtu mwingine. Kuna nyumba ndogo isiyo na taa wala dirisha, ina tundu moja tu la mbele. Humo ndani watu wote wanatembea kichwa chini, miguu juu. Wanabeba ndoo za maji na hakuna inayomwagika, wanavaa kofia na hakuna inayodondoka. Ni nini?

Popo? Popo hana kofia. Buibui? Hana ndoo. Basi mmeshindwa, nipeni mji. Wowote tu, hata usio na soko, nitautengeneza mwenyewe.

Nyumba hiyo ni kamera. Si hizi za kwenye simu, ambazo mtu anajipiga picha huku anatafuna. Ni ile kubwa ya mbao, inayosimama kwa miguu mitatu, yenye mvukuto wa mikunjo mikunjo kama wa kinanda na kitambaa cheusi kinachoning'inia nyuma. Mwenyewe ni mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Giza. Hakuna ubaya katika jina hilo. Ni kwamba ukiingia dukani kwake mchana kweupe humkuti, unasikia sauti tu kutoka chumba cha nyuma: "Usifungue! Niko gizani!"

Na aliyechungulia ndani ya nyumba hiyo akakuta dunia imepinduka ni mwanamke mmoja fundi cherehani, jirani yake Mzee Giza, duka la tatu kutoka pale. Wateja wanamwita Pindo, kwa sababu hajawahi kumrudishia mtu nguo yenye pindo lililopinda.

Hakwenda kupigwa picha siku hiyo. Aliitwa kutibu mvukuto. Ulikuwa umetoboka kwenye mikunjo, nuru inapenya, na kila picha ya Mzee Giza ilikuwa inatoka na wingu, mtu anaonekana kama amepigwa picha akichoma takataka. Pindo akaubandua, akaukagua mkunjo kwa mkunjo, akaziba kwa vipande vya kitambaa cheusi na gundi, mahali pengine akatia na mshono wa kificho. Alipomaliza, mzee akamwambia aingize kichwa chini ya kitambaa cheusi aone kama kuna nuru inayovuja.

Nuru haikuvuja. Lakini pale nyuma ya kamera kulikuwa na kioo cha ukungu, na juu ya kioo palikuwa na mtaa wao mzima, na rangi zake zote, umening'inia miguu juu. Muuza matunda alikuwa anapanga machungwa kwenye dari. Mtoto alikuwa anakimbiza tairi angani.

"Mzee!" Pindo akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Mbona watu wako wamepinduka?"

"Si wangu. Ni wa mtaa, mimi nawaazima tu."

"Na unawarudishaje?"

"Hilo," Mzee Giza akasema, "huwezi kuelezwa ukiwa umesimama. Chukua kiti."

Basi ndivyo alivyoanza. Kila mchana, zile saa ambazo hakuna mteja na hata cherehani inasinzia, Pindo alifunga mlango wake akaenda kwa Mzee Giza kujifunza. Na kama mnadhani mtu aliyezoea mkasi na kipimo hujifunza haraka, basi hamjamwona Pindo wa siku zile. Siku moja alitaka kujua kama karatasi za picha zimebaki za kutosha, akaifungua pakiti palepale kwenye meza ya mbele, jua limejaa dukani.

"Zipo za kutosha?" Mzee Giza akauliza.

"Zipo."

"Zilikuwepo," mzee akasema. "Sasa zimeona kila kitu. Hazina tena la kushangaa." Akaichukua ile pakiti taratibu, akampelekea muuza vitumbua wa nje akafungie vitumbua vyake. Hakupandisha sauti. Pindo alikuwa ameshajikunja kungoja kugombezwa, kama alivyogombezwa na yule aliyemfundisha ushonaji, ambaye kila kosa alilitia chumvi kwa kofi. Kwa huyu hakuja kofi wala neno kali. Ikambidi Pindo ajikunjue mwenyewe, na siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na shukrani ambayo hakujua aiweke wapi.

Kilichomshangaza zaidi ni hizo karatasi. Filamu za ukubwa wa kamera ile hazionekani tena madukani, kwa hiyo Mzee Giza anatia ndani ya kamera karatasi yenyewe, ileile ya kusafishia picha. Ina uso mmoja wenye utelezi, umepakwa dawa inayoona, na mgongo mkavu usioona kitu. Karatasi huona polepole kama mtu aliyetoka usingizini, ndiyo maana anayepigwa picha sharti atulie. Halafu ikitiwa kwenye dawa, hutoka kinyume: meno meusi, nywele nyeupe, mchana unakuwa usiku. Hiyo ndiyo picha hasi. Unaikausha, unailaza juu ya karatasi mpya, uso kwa uso, unakandamiza kwa kioo, unawasha taa kidogo, na mtu anarudi kuwa mtu.

Pindo alipomweleza mama yake habari hizi, kwamba leo amefundishwa kusafisha picha, mama aliuliza, "Imechafuka na nini?"

Sasa niwaambieni kuhusu huyu mama, maana mambo yote yako kwake.

Alikuwa akiishi na Pindo juu ya duka la cherehani, ghorofa ya mwisho. Akili yake kali, ulimi wake mwepesi, macho yake yanatunga uzi bila miwani. Ila magoti yalikuwa yamegoma. Ngazi ile kwake ilikuwa safari. Ndipo mwanawe mkubwa, kaka yake Pindo, anayeishi mbali na ana nyumba ya chini isiyo na hata kizingiti, akasema atakuja kumchukua akae kwake. Mama akakubali. Pindo naye akakubali, maana jambo lilikuwa jema na kila mtu aliliona kuwa ni jema. Lakini mara mbili alikata mkono wa gauni mahali pa shingo.

Kilichomuuma ni hiki: hakuwa na picha ya mama yake hata moja. Si kwamba mama hakuwahi kupigwa. Alipigwa, kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye sikukuu za watoto. Lakini kila picha ikifika nyumbani yeye huchukua mkasi wa Pindo, akajikata, akajitoa. Fungua albamu ya nyumba ile utaona mambo. Kwenye picha ya harusi Pindo anacheka na shada lake, na ubavuni kwake pana tundu lenye umbo la mama, hadi na kilemba.

"Huyo si mimi," mama husema. "Kuna mtu kanivaa. Na hata kunivaa kwenyewe hajui, mdomo kaupeleka upande sio."

Pindo alimbembeleza wiki nzima. Alimwambia ile kamera si ya mchezo, alimwambia picha ataisafisha mwenyewe kwa mkono wake, alimwambia mama, ukienda nitabaki naangalia tundu? Hilo la tundu ndilo lililomlegeza.

"Nitakaa mara moja," mama akasema. "Moja, Pindo. Nikimkuta yule mtu tena, namkata, na wewe usinitajie picha mpaka mniingize kaburini."

"Mama!"

"Nimeshasema. Tafuta nguo nivae."

Pindo akamshonea blauzi mpya, rangi ya maziwa, vifungo vimeshuka mbele kuanzia shingoni. Siku ilipofika wakashuka ngazi pole pole, mama akisimama kila mahali kusalimia kuta, kama alivyosema mwenyewe, ili watu wasijue anapumzika. Mzee Giza alikuwa ameweka kiti karibu na dirisha kubwa, ametundika shuka nyuma, amefuta vumbi hata pasipoonekana.

"Mzee," Pindo akasema, "karatasi ya leo naomba nipakie mwenyewe."

Mzee akamtazama, akaona hili si ombi la kukataliwa. "Haya. Kule."

Chumba cha giza kilikuwa na taa moja nyekundu, inayotosha kuona vidole vyako na si zaidi. Pindo akaichukua karatasi, akaipapasa, akausikia ule uso wenye utelezi. Akafungua lile kasha bapa linalopachikwa nyuma ya kamera. Alijua kabisa: uso utazame mlangoni, mahali nuru itakapoingilia. Alijua. Lakini moyoni alikuwa anamwaza mama, na mtu akiwaza, mikono inafanya inachokijua. Na mikono ya Pindo ilikuwa imeshona maisha yake yote. Ikafanya ilivyozoea, ikafunga kasha, na Pindo akatoka akiwa ameridhika.

Mama alikuwa ameshakaa, mgongo umenyooka. Mzee Giza akajifunika kitambaa cheusi.

"Bibi, nakuona kichwa chini," akasema.

"Na mimi nakuona huna kichwa kabisa," mama akajibu.

Mzee akapachika kasha, akavuta mlango wake, akashika kifuniko cha lenzi. "Sasa bibi, nikitoa hiki, usitikisike. Kope si neno, ila kichwa na mdomo, tuli. Kama una la kusema, liseme sasa."

"Ninalo. Kitendawili."

"Tega."

"Anaingia kabla yangu, anaungua yeye, nasifiwa mimi."

Mzee Giza akafungua lenzi huku paji la uso limejikunja. Mama akatulia. Lo, alitulia! Mtu aliyetega kitendawili akaona aliyetegewa amekwama, hana haja ya kuambiwa atulie. Utamu unamtuliza wenyewe. Alimtazama mzee kwa jicho la mtu aliyeshinda, mdomo umevutika kidogo upande mmoja, wala hakumeza mate. Mzee naye akasimama na kifuniko mkononi, anatazama dari, midomo inatembea. Nje lori likaja, likashusha magodoro, likaondoka. Pindo akadhani mzee anajua anachofanya. Fundi ni yeye.

"Nimeshindwa," mzee akasema mwishowe, na hapo ndipo alipokiona kifuniko mkononi mwake. Akakirudisha kwenye lenzi upesi, kama mtu anayefunika chungu kinachofurika.

"Nipe mji," mama akasema.

"Chukua huu huu."

"Huu nina nyumba tayari. Haya, kwa kuwa umri wetu ni mmoja nitakusamehe. Ni mwiko."

"Aa, samahani sana, bibi. Kama ni mwiko basi usiseme."

Mama alicheka mpaka machozi yakashuka kwenye blauzi mpya. "Mwiko, we mzee! Mwiko wa kusongea! Hujawahi kupika tangu uzaliwe?"

Pindo akampandisha mama nyumbani, akarudi mbio. Wakaingia gizani wao wawili, yeye na mzee, wakaiteremsha karatasi kwenye dawa. Kwa kawaida picha hujitokeza kwa pupa. Hii ilikuja kwa kusitasita, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Ilipokamilika ilikuwa mama kweli, mweusi wa meno na mweupe wa kope, lakini ana kama vinywele juu yake, kama mtu aliyepigwa picha nyuma ya kitambaa cha kitani.

Mzee Giza akainama, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Pindo. Uliipakia uso wapi?"

Pindo akafungua mdomo kujibu, na kabla hajajibu mikono yake ikajibu kwa ajili yake, ikafanya ule mgeuzo hewani. Akaiona mwenyewe.

"Uso kwa ndani," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa ndani," mzee akarudia.

Maana ndivyo wanavyoshona watu wote. Ukitaka kuunga vitambaa viwili, unakutanisha nyuso zao kwa ndani na migongo kwa nje, ndipo unapitisha sindano. Nguo unaigeuza mwisho. Pindo alikuwa ameipakia karatasi kama anataka kuishona. Nuru ya mama yake ilibidi ipenye mgongo wa karatasi ndipo ifike mahali panapoona, na ndiyo ile kitani iliyoonekana, nyuzi za karatasi yenyewe.

Akakaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa. Mara moja, mama alisema. Moja.

"Mzee, nimeharibu."

"Ngoja kwanza," Mzee Giza akasema, na kwenye ile taa nyekundu alikuwa anatabasamu. "Karatasi iliyogeuzwa haioni kitu kwa muda wangu wa kawaida. Ingetoka tupu. Na mimi leo nilisahau kufunga, nilikuwa natafuta mwiko. Ungeipakia sawasawa, kwa muda ule ingeungua, ingetoka nyeusi kama sufuria. Umekosea wewe nikakosea mimi, na mama yako huyu hapa. Mimi nashukuru."

Walipoikausha wakaisafisha picha yenyewe. Pindo akaishika akaitazama, na jicho lake la kwanza, kama ilivyo, likaenda kwenye nguo. Blauzi ya kike hufunga upande wa kulia juu ya kushoto. Hii ilikuwa imefunga kushoto juu ya kulia, kama shati la mwanamume. Na yeye ndiye aliyeishona. Doa la mama la shavu la kushoto lilikuwa la kulia.

"Imegeuka," akasema.

"Imegeuka, kwa sababu uso uligeuka. Mpelekee."

"Ataikata."

"Aikate. Alituketia kwa heshima, na sisi tumwonyeshe kwa heshima."

Nyumbani, mama alikuwa ameshaweka mkasi mezani. Hakuuficha. Pindo akamkabidhi picha akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mama akaitazama. Akaisogeza kwenye dirisha. Akaenda chumbani, miguu ikiburuzika, akarudi na kile kioo chake kidogo anachofungia kilemba kila asubuhi. Akaiegemeza picha kwenye birika, akakiweka kioo ubavuni mwake, akajitazama huku, akajitazama kule. Huku. Kule.

"Ee," akasema. "Ndiye."

"Nani, mama?"

"Mimi! Nani mwingine? Tazama mdomo umekwenda kunakotakiwa. Huyu ndiye ninayemsalimia kila siku." Akaushika mkasi, Pindo akapiga hatua mbele, kumbe anauondoa ili meza iwe na nafasi. "Wale wengine wote walikuwa wapiga picha wa mchezo. Wewe ndiye fundi. Mungu akubariki mikono hiyo, mwanangu, hata siku ikikosea ikosee vizuri."

Hakujua alichokisema. Pindo alimbusu mkono akalia kidogo, na machozi yale yalikuwa ya shukrani tupu.

Lakini kesho yake, Mzee Giza alipomwona akiingia, aliweka chini kikombe.

"Uso wako siuelewi. Umefurahi au umefiwa?"

"Ameipenda, mzee. Ameiweka kitandani."

"Sasa?"

Pindo akavuta pumzi. "Mimi ndiye simjui huyo mwanamke. Nikimtazama ni kama mama mdogo tuliyesikia habari zake tu. Yeye anajijua kwa kioo. Mimi sikulelewa na kioo."

Mzee Giza akaichukua ile picha hasi kutoka kwenye kamba, akampa, akamwelekezea kidevu chumba cha nyuma. "Wewe ni fundi wa nguo. Nguo iliyogeuka hufanywaje?"

"Inageuzwa."

"Sasa unaniangalia nini?"

Pindo akaingia. Safari hii hakulaza karatasi uso kwa uso. Aligeuza picha hasi, mgongo ndio ukalala juu ya karatasi mpya, akakandamiza kwa kioo, akawasha taa, akaipa muda zaidi maana njia ilikuwa ndefu zaidi. Akaitia kwenye dawa, akatikisa trei kama alivyofundishwa, kwa upole. Kikaja kilemba. Yakaja macho. Likaja doa, likakaa shavu lake. Na ule mdomo, umevutika kwa ushindi, umekwenda upande ambao Pindo aliujua kabla hajajua kusema.

"Shikamoo, mama," Pindo akasema. Ilimtoka tu.

"Marahaba," akajibu Mzee Giza kutoka nje ya pazia, na wote wawili wakacheka, mmoja wao akijifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na dawa.

Picha hiyo ya pili Pindo aliikausha, akaikunjia ndani ya kitambaa cha bitana, akaificha kule juu nyumbani, chini ya rundo la nguo za wateja alizopandisha kumalizia. Alikusudia mama aende bila kuiona. Kwa nini amharibie? Ameshajipata, aende na furaha yake.

Siku ya kuondoka, asubuhi, Pindo alikuwa anafunga sanduku, na mama, ambaye hawezi kuona mtu anakunja nguo bila yeye kuzikunja upya, akalifikia lile rundo. Akakipata kitambaa. Akakifungua.

Akaitoa picha, akaisogeza kwenye nuru.

"Huyu unamficha wa nini?" mama akauliza.

"Ni... nilikuwa najaribu tu, mama."

"Huyu ndiye yule wa siku zote. Namjua." Akaileta ile ya kwanza, akaziweka zote mbili magotini. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli. "Pindo. Ukiwa peke yako, ukafumba macho ukaniwaza, unamwona yupi kati ya hawa?"

Pindo akaangalia sanduku. Akisema ni wa kwanza, atakuwa anamdanganya mama yake siku anayomuaga. Akisema ni wa pili, atakuwa amemwambia kwamba uso alioukataa maisha yake yote ndio aliokuwa nao mbele ya watoto wake.

"Mama, kaka anapaki gari," akasema. "Tumalizie mizigo."

Mama alizikunjia picha zote mbili kwenye kile kitambaa, akakiweka kwapani.

Kaka alikuja na mwili wake mkubwa na kelele zake, akabeba masanduku yote kwa mara moja ili asirudie ngazi, akagonga kila kona. "Hizi ngazi alizijenga nani, mwenye kinyongo?" Mama akateremka nyuma yake, akizisalimia kuta kwa mara ya mwisho, na safari hii alizisalimia kweli, kwa kiganja. Pindo alikuwa mbele yake, akirudi kinyumenyume, mikono tayari.

Barabarani Mzee Giza alikuwa anangoja, vidole vyake vinanuka dawa.

"Bibi, asante kwa kutulia."

"Asante wewe kwa kushindwa," mama akasema. "Na kwa huyu." Akamwonyesha Pindo kwa kichwa. "Umemfundisha bila kumvunja. Nimeliona hilo. Basi na wewe jifunze kupika."

"Nitaanza na mwiko."

Wakacheka. Kaka akamkalisha mama kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akazunguka upande wake, akawasha gari. Mama akateremsha kioo cha dirisha.

"Zima," akamwambia mwanawe.

"Mama, njia ni ndefu."

"Zima, nimesema. Kuna mtu nimemuuliza swali tangu asubuhi. Nikiondoka bila jibu nitakuwa nimebeba mzigo ambao hata wewe, na ukubwa wako wote, hukuupakia."

Gari likazimika. Mama akakifungua kitambaa mapajani, akaziweka picha ubavu kwa ubavu, akangoja. Alingoja kama alivyongoja mbele ya ile kamera, bila kutikisika. Lakini ule ushindi haukuwepo sasa. Pindo akaona kwamba mama yake anaogopa, na kwamba hata hivyo ameuliza.

Akainama mpaka uso wake ukawa usawa wa dirisha. Akaitazama ya kwanza, yenye blauzi iliyofungwa kiume. Akaitazama ya pili.

"Huyu, mama," akasema, na kidole chake kikashuka juu ya ile ya pili. "Huyu uliyekuwa unamkata. Ndiye aliyenishika mkono mpaka nikajua kutunga uzi. Yule mwingine ni mzuri, na nimefurahi kufahamiana naye, lakini huyu ndiye aliyenilea, na sijamwambia asante hata siku moja kwa sababu kila nikimtafuta nimwambie, nilikuwa nakuta tundu."